Chunusi za Msimu wa Mitihani: Kipi Kinasaidia, Kipi Kinaacha Madoa

Kengeja, kusini mwa Pemba, dawa ya chunusi haitafutwi mbali. Ndimu iko mtini, shubiri imeota kando ya ukuta, mwarobaini uko njiani, asali na manjano viko jikoni, na liwa imehifadhiwa kwenye kitambaa ndani ya sanduku la bibi. Kwa mwanafunzi wa kidato cha nne ambaye mfukoni hana ila nauli, hilo ndilo duka lake la kwanza la dawa. Na wengi hulikimbilia mtihani unapokaribia, kwa sababu ndipo chunusi zinapotoka kwa wingi.

Hayo ya mtihani si mawazo tu. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanafunzi 22 wa chuo, waliokaguliwa uso wakati wa kawaida na kisha wakati wa mitihani. Wale waliozidiwa zaidi na msongo wa mawazo ndio ambao chunusi zao zilizidi, hata pale watafiti walipozingatia mabadiliko ya usingizi na chakula. Mwaka 2007 ukafuata utafiti wa Singapore, nchi ya joto na unyevu iliyo karibu na Ikweta kama Pemba, uliohusisha wanafunzi 94 wa sekondari. Jibu lilikuwa lile lile: karibu na mitihani chunusi zilikuwa kali kuliko wakati wa likizo. Lakini mafuta ya ngozi yalipopimwa, hayakuwa yameongezeka kwa kiasi cha maana. Kwa hiyo anayesugua uso mara tano kwa siku ili kuondoa mafuta anapigana na adui asiyekuwepo. Kinachoongezeka zaidi ni uvimbe chini ya ngozi, na juu yake huja vidole visivyotulia, maana mwanafunzi anayekesha na daftari hukesha pia akitumbua.

Mitaani sababu zinazotajwa ni nyingine. Wako wanaosema ni damu chafu, wakashauri mtoto apelekwe kuumikwa. Wako wanaolaumu karanga na mayai. Na wako wanaomwambia msichana kwamba chunusi ni ishara ya kuwaza wanaume, kauli inayomfanya ajifiche nyuma ya ushungi na asimwambie mtu kinachomsumbua. Hiyo ya mwisho inafaa ikomeshwe, kwa sababu haina ukweli na inaumiza. Chunusi hutokana na homoni za kubalehe, ambazo kila mwenye afya huwa nazo. Homoni hizo huziamsha tezi za mafuta, seli zilizokufa huziba tundu la kinyweleo, bakteria wanaoishi kwenye ngozi ya kila mtu huzaliana ndani ya tundu hilo lililozibwa, na mwili hujibu kwa wekundu na usaha. Makadirio ya wataalamu ni kwamba takriban vijana 85 kwa kila 100 wenye umri wa miaka 12 hadi 24 hupata chunusi kwa kiwango fulani. Darasani Kengeja, asiye nazo ndiye wa kuhesabika.

Jambo moja katika maelezo hayo lina uzito kuliko mengine. Tundu huanza kuziba wiki kadhaa kabla ya kipele kuonekana. Chunusi inayochomoza leo ilianza kujijenga mwezi uliopita, na dawa yoyote ya kweli, ya bei nafuu au ya bei ghali, huhitaji wiki 8 hadi 12 kabla ya kuhukumiwa. Mwanafunzi hana subira hiyo. Hujaribu ndimu siku tatu, akahamia asali siku nne, akahamia dawa ya meno, kisha rafiki akamletea krimu isiyo na jina. Katika kuhangaika huko hupoteza muda, na juu ya muda huongeza madoa. Kwenye ngozi nyeusi kila kipele kilichochokozwa huacha doa jeusi linaloweza kukaa miezi. Bei ya dawa ya chunusi, basi, ihesabiwe kwa wiki inazopoteza na madoa inayoacha, shilingi zije baadaye.

Kwa kipimo hicho, liwa inatoka salama. Bibi hunyunyiza matone ya maji, au marashi ya waridi kama yapo, juu ya jiwe la kusugulia, akakizungusha kipande cha mti wa liwa taratibu hadi uji mzito wenye harufu tamu ujikusanye ukingoni. Huuchota kwa kidole na kumpaka mjukuu mashavuni na kwenye paji, ukakauka na kuivuta ngozi kidogo, kisha ukaoshwa. Desturi hii haiko Pemba peke yake. Wanawake wa Komoro hujipaka msindanu na wa kaskazini mwa Msumbiji musiro, vyote vikisagwa juu ya jiwe vivyo hivyo. Liwa hupoza na kunyonya mafuta ya juu, na nusu saa ya kukaa mkekani bila kugusa uso ni nusu saa ambayo hakuna kinachotumbuliwa. Haizibui tundu lililoziba. Kinachohitajika ni jiwe lililooshwa na maji safi, na uji uliosagwa siku hiyo hiyo. Uliolala kwenye kikombe tangu jana haufai.

Ndimu ni habari nyingine kabisa.

Juisi ya ndimu ina uchachu mkali, karibu pH 2, ilhali ngozi yenye afya iko karibu na 5. Kuipaka kwenye kipele kilichotumbuliwa ni kuunguza kidonda. Lakini hatari kubwa inatoka juani. Ndani ya ndimu, hasa kwenye ganda, kuna kemikali ambazo zikiwa juu ya ngozi na kupigwa na jua husababisha mwako unaofanana na wa kuungua. Hautokei papo hapo. Huja baada ya siku moja au mbili, wakati mwenyewe ameshasahau alichopaka, na baada yake hubaki mabaka meusi ya wiki au miezi. Kengeja iko kiasi cha nyuzi 5 tu kusini mwa Ikweta, na mwanafunzi hutembea kwenda skuli jua likiwa limeshachomoza, akirudi saa nane mchana. Kumshauri ajipake ndimu asubuhi ni kumpa doa jipya badala ya lile analotaka kuliondoa. Ndimu ibaki kwenye mchuzi wa samaki.

Asali inaheshimiwa zaidi, na ina sababu: huua bakteria kwa sukari yake nzito na kwa asidi yake, na kwenye majeraha imetumika kwa karne nyingi. Kwa chunusi, hata hivyo, ilipimwa vizuri New Zealand na matokeo yakachapishwa 2016. Watu 136 walishiriki. Nusu yao walitumia sabuni ya kuua vijidudu peke yake, nusu wakaongeza asali ya kanuka iliyochanganywa na gliserini. Baada ya wiki 12 haikuonekana tofauti ya kuaminika kati yao. Ilikuwa asali iliyosafishwa kwa ajili ya tiba, tena yenye sifa, na bado haikufua dafu mbele ya sabuni. Asali ya Pemba haina madhara usoni, lakini chupa moja inagharimu fedha ambayo ingenunua kitu kinachofanya kazi.

Shubiri ina ushahidi mzuri kidogo. Nchini Iran wagonjwa 60 waligawanywa makundi mawili. Waliopewa jeli ya shubiri pamoja na dawa ya tretinoini walipata nafuu kuliko waliopewa tretinoini pekee, na matokeo hayo yalitoka 2014. Shubiri ilikuwa msaidizi wa dawa, haikuwa dawa peke yake. Anayeikata nyumbani aache kwanza utomvu wa njano utiririke, maana ndio unaowasha, kisha atumie ule ute mweupe wa ndani. Manjano hupunguza uvimbe katika maabara, lakini usoni hubakiza zaidi rangi kuliko nafuu. Mafuta ya habasoda yanapendwa kwa sababu za dini pia, na tafiti chache ndogo za Mashariki ya Kati zinatia moyo. Yatumike kidogo, kwa kujaribiwa kwanza nyuma ya sikio. Majani ya mwarobaini yaliyochemshwa hayana neno, ila ushahidi wake kwa chunusi ni mdogo.

Karafuu ni jambo la Pemba lenyewe. Mikarafuu ndiyo iliyosomesha watoto wengi wa kisiwa hiki, na huko Wawi, Chake Chake, kiwanda cha makonyo hukamua mafuta kutoka kwenye vikonyo vinavyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa. Mafuta hayo yana yujinoli kwa wingi, dutu inayoua vijidudu na kutuliza jino linalouma. Ndiyo maana ni rahisi kuamini kwamba yataitibu chunusi. Yakipakwa bila kuchanganywa, yujinoli huunguza ngozi na huweza kuzusha mzio unaobaki na mtu maisha yote. Tone la mafuta ya karafuu likae kwenye jino.

Mafuta ya nazi nayo yamo katika kundi linaloziba matundu, jambo lililoonekana kwenye majaribio ya zamani ya masikio ya sungura, na wataalamu wa ngozi wameendelea kuwashauri wenye chunusi wayaepuke usoni. Miguuni na mikononi hayana tatizo. Dawa ya meno hukausha kipele kwa usiku mmoja na kuwasha ngozi inayokizunguka, ikaacha alama pana kuliko kipele chenyewe.

Katika maduka ya dawa za asili kuna kitu kimoja kinachodharauliwa kwa sababu ya harufu yake, nacho ndicho chenye historia ndefu ya kufanya kazi: kibiriti upele. Wazee walikitumia kwa upele, na madaktari wa Ulaya wa karne ya 19 wakakitumia kwa chunusi. Marekani ilipoweka kanuni zake za dawa za chunusi zinazouzwa bila cheti cha daktari, mwaka 1991, ilikitambua kwa kiwango cha asilimia 3 hadi 10, pamoja na asidi salisiliki ya asilimia 0.5 hadi 2. Kibiriti upele hukausha, hubandua ngozi iliyokufa na kupunguza bakteria. Tatizo liko kwenye matayarisho ya nyumbani. Kipande kikitwangwa kwenye kinu na kuchanganywa na mafuta ya nazi, punje hukwaruza, mafuta huziba, na hakuna anayejua ni asilimia ngapi. Bora kununua sabuni au marhamu ya salfa iliyotengenezwa tayari, ikiwa na kiwango kilichoandikwa, na kuitumia mara moja kwa siku. Ngozi ikikauka mno, iwe siku moja ndiyo, moja siyo.

Ukilinganisha vyote, dawa inayostahili fedha ya mwanafunzi ni jeli ya benzoili peroksaidi kutoka duka la dawa. Bakteria wa chunusi hawajaweza kujenga usugu dhidi yake, na tyubu moja ikipakwa kwa wembamba hudumu wiki nyingi. Muuzaji akitoa ya asilimia 10 kwa kudhani kali ndiyo bora, mnunuzi aulizie ya asilimia 2.5 au 5, kwa kuwa utafiti uliochapishwa 1986 ulionyesha ile ya 2.5 inapunguza vipele vilivyovimba sawa na ya 10, na haiwashi kama hiyo. Hupakwa sehemu yote inayotoa chunusi, si juu ya kipele kimoja kimoja, kwa sababu kazi yake ni kuzuia vile visivyoonekana bado. Na hufuta rangi ya nguo: ushungi wa rangi na foronya ya mto vitapata mabaka, kwa hiyo ipakwe usiku na kitambaa cheupe kilaliwe.

Duka hilo hilo, au kibanda kilicho jirani nalo, ndilo lenye hatari kubwa kuliko ndimu. Huko huuzwa krimu za betamethasoni na klobetasoli, steroidi kali zilizotengenezwa kwa ajili ya magonjwa mengine ya ngozi. Zikipakwa kwenye chunusi, wekundu hushuka kwa siku chache, na mwanafunzi huamini amepona. Baada ya wiki kadhaa ngozi hukonda, mishipa midogo huonekana, nywele huota mashavuni, na chunusi mpya, ndogo ndogo na za kufanana, hujaa uso mzima. Akiacha, zinalipuka, hivyo anarudi kupaka. Mkorogo, ule mchanganyiko wa krimu za kujichubua unaouzwa kwenye vikopo visivyo na lebo, mara nyingi hubeba steroidi hizo hizo pamoja na haidrokuinoni au zebaki. Zebaki huharibu figo, na Mkataba wa Minamata wa 2013 ulilenga kuondoa vipodozi vyenye zaidi ya miligramu 1 kwa kila kilo. Zanzibar kazi ya kudhibiti bidhaa hizi ni ya Wakala wa Chakula na Dawa, uliotokana na sheria ya 2006, lakini kikopo kinachopita mkononi mwa rafiki hakipiti kwa mkaguzi. Wapo pia wanaofungua kidonge cha rangi mbili na kunyunyiza unga wake usoni. Huo ni upotevu wa dawa ya kuua bakteria na ni njia ya kuwafundisha bakteria kuishinda.

Kabla ya kununua chochote, kuna mambo yasiyogharimu. Sabuni ya mche iliyotengenezwa kwa kufulia ina pH karibu na 10. Huondoa mafuta yote, ngozi ikauma na kuvimba zaidi. Sabuni laini ya kuogea, asubuhi na jioni, kwa mkono mtupu bila dodoki, inatosha. Mafuta mazito ya nywele hushuka kwenye paji la uso, na chunusi za aina hiyo zilielezwa na madaktari wa Marekani mwaka 1970 baada ya kuziona kwa wagonjwa weusi waliotumia mafuta ya kichwa. Msichana mwenye vipele vinavyofuata mstari wa ushungi aanzie hapo: apunguze mafuta ya nywele, aufue ushungi mara kwa mara, asiukaze pajini. Kwa vijana wa Skuli ya Sekondari ya Ufundi ya Kengeja kuna chanzo cha ziada. Mafuta ya mashine na grisi huziba matundu, na madaktari wa viwandani wamelijua hilo kwa muda mrefu. Anayetoka karakana asipanguse jasho kwa mkono wenye grisi, na anawe mikono kabla ya uso.

Kuhusu chakula, hukumu ya mitaani ina nusu ya ukweli. Mwaka 2002 timu ya Loren Cordain iliripoti kwamba katika kisiwa cha Kitava, Papua New Guinea, watu 1,200 walikaguliwa, 300 kati yao wakiwa na umri wa miaka 15 hadi 25, na hakuonekana hata mmoja mwenye chunusi. Watu wa Kitava walikula majimbi, viazi vikuu, viazi vitamu, matunda, samaki na nazi. Mpemba yeyote atakitambua chakula hicho, kwa sababu ndicho walichokulia wazee wake. Urithi wa damu unaweza kuwa na sehemu yake, na utafiti huo peke yake hauwezi kuamua. Lakini Australia, mwaka 2007, vijana wa kiume 43 waligawanywa makundi mawili kwa wiki 12, na waliopunguza vyakula vinavyopandisha sukari haraka mwilini walipata nafuu zaidi. Kwa mwanafunzi wa Kengeja hii haimaanishi kununua chakula maalumu. Inamaanisha muhogo au jimbi na dagaa badala ya boflo na chai yenye vijiko vinne vya sukari, na maji badala ya soda anapokesha. Karanga na mayai hazina kesi ya kujibu.

Baadhi ya vipele si chunusi. Katika joto la pwani kuna fangasi wanaoingia kwenye vinyweleo na kuleta vipele vidogo vyenye ukubwa mmoja, hasa kwenye paji, kifua na mgongo, vinavyowasha. Chunusi kwa kawaida huuma na haziwashi hivyo, na huchanganyika na vichwa vyeusi na vyeupe. Mwenye fangasi akinywa dawa za bakteria huzidi, akipaka jeli ya chunusi hapati kitu. Anahitaji dawa ya fangasi, nayo ni rahisi.

Na zipo chunusi ambazo nyumbani si mahali pake. Vinundu vikubwa vinavyouma chini ya ngozi, au makovu yanayochimbika, vinahitaji kituo cha afya mapema, kwa sababu kovu likishajengeka hakuna krimu inayolirudisha. Pale mhudumu anaweza kuanzisha dawa ya doksisaiklini kwa mpango, pamoja na jeli, na kuonya kuhusu jua na kuhusu ujauzito. Hospitali ya Abdalla Mzee iko Mkoani, na gari kutoka Kengeja hupitia Mtambile. Tanzania ina kituo chake cha kufundisha wataalamu wa ngozi, kilichofunguliwa Moshi 1992 kwa ajili ya nchi za kanda hii, na mhudumu wa kituo cha afya anaweza kuulizwa mtaalamu aliyefunzwa kazi hiyo anapatikana wapi.

Mtihani wa kidato cha nne huanza Novemba. Kurudi nyuma wiki 12 ni kufika Agosti, na huo ndio mwezi wa kuanza, kabla ya usiku wa kukesha kuanza. Sabuni laini mara mbili kwa siku, jeli ya asilimia 2.5 kila baada ya usiku mmoja kwa wiki mbili za kwanza kisha kila usiku, liwa ya bibi mwisho wa wiki kwa anayeipenda, na mikono mbali na uso. Wiki ya pili au ya tatu ngozi itakauka na kubanduka kidogo, na hapo ndipo wengi huacha. Wasiache. Kufikia Oktoba vipele vipya vitakuwa vimepungua. Madoa ya zamani yatachelewa zaidi, na kwa wengi yatakuwa bado yanafifia matokeo ya mtihani yanapotangazwa Januari.